Samaki Kumi na Mmoja na Maji ya Bomba

Lile tangi la samaki sikulinunua, wala sikuwahi kulitamani. Niliachiwa na mteja wangu wa siku nyingi, mtumishi wa serikali niliyekuwa namshonea yeye na wanawe, siku alipohamishiwa mikoa ya kusini. Vyombo vyake vilikuwa vimeshapakiwa kwenye lori, na dereva alikataa katakata kubeba kioo. Mzee yule akavuka barabara amelikumbatia tangi tupu, mkewe nyuma yake na ndoo yenye samaki kumi na mmoja, wakaviweka juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa. Alinipa maelekezo kwa haraka, lori likinguruma: chakula ni kile kinachoshikika kwa ncha za vidole viwili, pampu ya hewa isizimwe, na maji yabadilishwe kidogo kidogo, ndoo moja kwa juma, yasimwagwe yote. Niliitikia kila neno. Lakini baada ya mwaka kupita nilikuwa nakumbuka habari ya chakula na ya pampu. Ile ya maji niliifuata kwa mazoea tu, bila kujua sababu yake.

Mimi ni fundi cherehani. Duka langu ni chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga hapa Same mjini, upande wa juu wa reli. Mlango ukiwa wazi unaiona milima imekaa na mawingu yake, na mara nyingi mvua ya mawingu hayo huishia huko huko juu, sisi huku chini tukaachiwa upepo na vumbi. Ndiyo maana watu walipenda kuja kuangalia maji yakichezacheza ndani ya kioo. Mteja aliyekuja kupunguza kiuno cha suruali alikuwa tayari kusubiri saa nzima bila kulalamika, macho yake kwenye tangi. Samaki sita walikuwa wa rangi ya chungwa, wanne weupe wenye madoa, na mmoja mweusi mwenye macho yaliyotoka nje. Niliwaweka kati ya cherehani na rafu ya vitambaa, nikawazoea kuliko nilivyotarajia.

Aliyewapenda zaidi yangu alikuwa binti wa mpangaji mwenzangu. Mama yake alitoka upande wa Kigoma, mume wake akifanya kazi kwenye machimbo ya jasi Makanya na kurudi nyumbani Jumamosi hadi Jumamosi. Mama huyo alipika chapati na chai kando ya barabara kuu, na kwa sababu alitoka alfajiri, mtoto alimwacha kwangu mpaka saa nne. Alikuwa na miaka minne. Alivuta kigoda mpaka kwenye tangi, akabandika pua kwenye kioo, akawa anawapangia samaki shughuli: huyu anaenda shule, huyu anaumwa, huyu ni mama yao. Mimi aliniita Mama Fundi.

Miaka miwili samaki waliishi vizuri. Maji yao yalikuwa ya mvua, kutoka kwenye simtanki lililokinga maji ya bati, na likiisha nilinunua madumu ya maji yaliyoteremshwa kutoka mlimani. Nimekulia Suji, ambako tangu utotoni nilienda na baba kwenye ndiva, lile bwawa dogo ambalo watu hukusanyia maji ya kijito kabla ya kuyafungulia mashambani kwa zamu. Nilijiona mtu anayejua maji. Niliweza kuyanusa na kusema haya ni ya kijito, haya ni ya kisima cha chumvi. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna jambo kuhusu maji ambalo pua na macho yangu haviwezi kunieleza.

Kisha mvua za mwaka ule zikakosekana. Simtanki likawa linalia kama ngoma ukiligonga, na madumu ya mlimani yakapanda bei. Kwa mwezi mzima sikubadilisha maji ya tangi, nikawa naongeza vikombe viwili vitatu tu. Kioo kikaota ukijani na samaki wakaonekana kama vivuli. Ndipo bomba likafika mtaani kwetu. Mitaro ilikuwa imechimbwa muda mrefu, tulishaanza kuisahau, na siku moja maji yakatoka kweli uani kwetu, kwa nguvu, meupe kama maziwa mwanzoni kwa sababu ya hewa, kisha yakatulia. Wanawake walipiga vigelegele. Mpangaji mwenzangu alimvua mtoto nguo, akamwogesha pale pale mbele ya watu. Maji yalikuwa na harufu ya dawa. Wote tuliisikia, tukasema ni upya wa mabomba.

Jumamosi iliyofuata niliamua kuwaoshea samaki nyumba yao sawasawa. Mama mtoto alikuwa ameenda gulioni kununua ngano, hivyo mtoto alishinda nami. Niliwahamishia samaki kwenye beseni na maji yao ya zamani kidogo, nikamwaga yote yaliyobaki. Nilisugua kioo ndani na nje. Zile kokoto za chini niliziosha bombani mpaka zikawa zinalia vidoleni. Sponji ya kichujio, iliyokuwa na utelezi wa kahawia, niliikamua chini ya maji yanayotiririka mara ishirini mpaka ikawa kama mpya. Nikavuta mpira kutoka bombani, nikajaza tangi pomoni, nikawarudisha. Niliposimama nyuma kuangalia, niliona kila doa la kila samaki. Nilijisifu moyoni.

Haikufika nusu saa. Walianza kupanda juu wote, midomo nje ya maji, wakitweta. Nikadhani ni njaa, nikawatupia chakula, na chakula kikaelea bila kuguswa. Mmoja wa chungwa akaanza kukimbia ovyo na kujigonga kwenye kioo, kisha akajisugua kwenye kokoto kama mtu mwenye upele. Mwingine akalala ubavu. Nilipomwinua kwa mkono niliona matamvua yake, yale mapazia ya kupumulia, yamekuwa mekundu kama kidonda kilichokwaruzwa. Sikujua la kufanya. Niliongeza kasi ya pampu. Niliongeza maji mengine ya bomba, nikidhani nawasaidia. Kufika saa nane mchana saba walikuwa wamegeuza matumbo juu.

Mtoto alikuwa kwenye kigoda chake muda wote. Alinivuta kanga.

"Mama Fundi, wamelala?"

"Wamekufa."

"Wamekunywa nini?"

Nilikuwa na samaki watatu mkononi, wakinuka ile harufu ya dawa, na hasira ilikuwa imenipanda. Ningeweza kusema sijui. Hilo ndilo lililokuwa kweli.

"Wamekunywa maji ya bomba," nikamwambia. "Maji haya ni sumu, mwanangu. Yanaua."

Jioni ile mama yake aliporudi, mtoto alikikataa kikombe cha maji. Alifumba midomo akatikisa kichwa, na mama alipombembeleza akalia mpaka akatapika. Alisema hataki kufa kama samaki. Mama akaja mlangoni kwangu, unga bado mikononi, akauliza kama ni kweli nilimwambia mtoto maneno yale. Sikurudi nyuma. Nilimwonyesha kopo nilimowaweka wale saba, nikamfungua mmoja matamvua kwa kucha ili aone wekundu. Nilisema nimekaa na samaki hawa miaka miwili bila kufa hata mmoja, na leo kitu pekee kilichobadilika ni maji. Aliangalia kwa muda mrefu. Alikuwa mtu asiyebishana. Alisema tu "Basi," akaenda kumwaga ndoo zake zote mbili uani.

Kuanzia kesho yake alichota maji korongoni. Mto wa korongo lile hukauka, lakini ukichimba mchanga kwa mikono maji hutokea, maangavu, baridi, hayana chumvi wala harufu. Watu waliyatumia kwa miaka kabla ya bomba, na wachungaji waliwanywesha ng'ombe hapo hapo. Ya chai aliyachemsha kwa sababu ni chai. Ya kunywa aliyachuja kwa kitambaa safi nilichompa mimi mwenyewe, kipande cha popilini kilichobaki kwenye shati la mtu.

Neno langu lilitoka uani likaenda mtaani. Wateja waliuliza samaki wako wapi, nikawaeleza, na kila nilipoeleza nilieleza vizuri zaidi. Kwenye foleni ya genge nikasikia mwanamke nisiyemjua akisema kuna fundi mmoja upande wa juu wa reli aliweka samaki thelathini kwenye maji ya bomba wakafa papo hapo. Mzee wa jirani akasema hiyo dawa imetiwa ili watu wasizae. Hilo nililikataa, lakini nililikataa nikicheka, na kucheka kwangu kukachukuliwa kama kukubali. Ukweli ni kwamba nilifurahia kidogo kusikilizwa. Mwanamke anayeshona vifungo hasikilizwi mara nyingi.

Samaki wanne waliobaki walitulia siku mbili tatu, nikaanza kupata matumaini. Siku ya nne maji yakaanza kuwa na ukungu, kana kwamba mtu ametia ndani kijiko cha maziwa. Siku ya sita yalikuwa kama maji ya mchele. Harufu ya dawa ilikuwa imekwisha kabisa, badala yake kulikuwa na harufu ya kuchoma pua, kama choo cha shule. Sikuwa nimeongeza tone la maji ya bomba tangu Jumamosi ile, lakini wakafa wengine watatu, mmoja mmoja, mapezi yamekunjamana. Alibaki yule mweusi wa macho makubwa, amesimama kwenye kona bila kwenda mbele wala nyuma. Kwangu huo ulikuwa ushahidi mwingine. Nilisema sumu imeingia mpaka kwenye kokoto.

Wiki ya tatu mtoto akaanza kuhara. Mwanzoni mama yake alimpa uji mwepesi na kumwacha alale kwangu badala ya kucheza. Siku ya pili kulikuwa na damu, na macho yake yalikuwa yamezama. Tulimpakia kwenye bajaji sote wawili, mimi nimemshika miguu, ilikuwa baridi ingawa jua lilikuwa la saa saba. Hospitalini walimlaza, wakamtundikia dripu. Muuguzi alihangaika muda mrefu kutafuta mshipa. Nilikaa nje kwenye benchi, nikasikia mtoto anavyolia, halafu nikasikia ameacha kulia. Kuacha huko kulinitisha zaidi.

Mama yake alipotoka alikuwa ametulia kwa namna ya mtu aliyechoka kupita hofu. Akaniambia daktari amesema ni maji.

"Ulisema kweli, fundi," akasema. "Tulikunywa siku zile za mwanzo. Kumbe yalikuwa yameshaingia."

Nilimshika mkono. Niliondoka pale nina hasira iliyo safi kabisa, hasira ya mtu anayejua ana haki. Nilipofika nyumbani yule samaki mweusi alikuwa amekufa. Nikamtia kwenye kopo la siagi, nikafunika, nikaenda moja kwa moja ofisi ya maji.

Nilipokelewa na binti wa umri wa mpwa wangu, amevaa suruali ya kazi na viatu vya plastiki vilivyojaa tope. Alinipa shikamoo, akanivutia kiti. Sikukaa. Nilifungua kopo juu ya meza yake nikamwambia maji yao yameua samaki wangu kumi na mmoja, na sasa yamemlaza mtoto wa jirani yangu hospitali, na kama hakuna mtu wa kunijibu hapo nitaenda mpaka kwa mkuu wa wilaya. Watu wawili waliokuwa wanalipia ankara waligeuka. Binti hakushtuka. Alivuta daftari.

"Pole sana, mama. Mtoto ana miaka mingapi?"

"Minne."

"Anaumwa nini?"

"Anahara damu."

"Na anakunywa maji ya wapi?"

Nilifungua mdomo kusema ya bomba. Nilikuwa nimeshaanza neno lenyewe. Kisha nikakumbuka midomo ile iliyofumbwa, ndoo zile mbili zikimwagwa uani, na madumu aliyokuwa akirudi nayo kichwani kila jioni.

"Ya bomba alikataa," nikasema. "Ni wiki ya tatu."

"Kwa hiyo anakunywa ya wapi?"

"Ya korongoni."

Hakuandika chochote. Alinyanyuka, akaniambia tena nikae, na safari hii nilikaa. Alichota maji kwenye bomba la ofisini kwa kichupa kidogo cha kioo, akatia kidonge, akatikisa. Yakageuka rangi ya waridi hafifu. Akanieleza kwamba rangi ile ni dawa, klorini, inayotiwa kidogo sana ili kuua vijidudu, na kwamba mtu akiyanywa, dawa hiyo inaishia mdomoni na tumboni bila madhara.

"Lakini samaki hayanywi tu, mama. Anayapumua. Ni sawa na mtu kufungiwa kwenye chumba chenye moshi."

Kumbe ningeyaacha tu kwenye ndoo wazi siku mbili, yapigwe na hewa, yakatulia, dawa ile ingetoka. Kumbe ndoo moja kwa juma, kama nilivyoelekezwa, isingewafanya lolote. Nikamwuliza habari ya wale waliokufa baadaye, maji yalipokuwa hayanuki tena dawa. Akaniuliza nilivyoosha. Nilimweleza kokoto na sponji, na nikaona anauma mdomo wa chini. Alisema ule utelezi wa kahawia niliokamua ulikuwa na vijidudu wazuri, ndio waliokuwa wanakula uchafu wa samaki. Niliwaua wote kwa mkono wangu, na samaki wakabaki wanaogelea kwenye mkojo wao mpaka ukawachoma. Alisema yote hayo kwa upole, bila kunisuta. Aliniomba anwani ya nyumba waje wapime maji ya uani, na aliomba pia nimwonyeshe mahali watu wanapochota korongoni. Nilifunika kopo langu nikaondoka. Njiani nililitupa kwenye jalala bila kumzika samaki, na tangu hapo nimekuwa nikijilaumu hata kwa hilo, kana kwamba ndilo lililokuwa kubwa.

Ilikuwa Jumanne. Nilipaswa kwenda hospitali moja kwa moja kusema. Badala yake nilikwenda nyumbani, nikapika uji wa ulezi, nikaweka maziwa na sukari, nikaupeleka. Mama mtoto aliupokea kwa mikono miwili. Alisema mimi ni ndugu yake, kwamba huku ugenini hana mama wala dada, Mungu amempa mimi. Mtoto alikuwa amelala, kamba ya dripu imefungwa kwenye ubao mdogo mkononi. Nilijiambia nitasema kesho, akiwa amepata nafuu. Jumatano nilipeleka uji tena. Mtoto alikunywa nusu kikombe, akaniuliza yule mweusi anaendeleaje. Nikasema anaendelea vizuri. Nilijiambia sasa si wakati, mama yake hajalala siku tatu. Nilikuwa na sababu kila siku, na kila sababu ilikuwa nzuri.

Alhamisi waliruhusiwa. Tulirudi na bajaji, mtoto mwepesi mapajani kama furushi la nguo. Mama alimlaza, akatoka uani, akachukua dumu lake tupu.

"Nishikie mtoto kidogo, fundi. Niende korongoni mara moja, ndani hamna hata tone."

Hapo sikuwa na sababu tena.

"Usiende," nikamwambia.

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: dawa, matamvua, sponji, kichupa cha rangi ya waridi. Nilimwambia maji ya bomba hayana sumu na hayakuwa na sumu. Nilimwambia ya korongoni ndiyo yaliyomlaza mtoto, ng'ombe wanakunywa hapo, watu wanajisaidia upande wake wa juu. Nilimwambia nilisema kitu nisichokijua. Alinisikiliza dumu likiwa mkononi.

"Umejua lini?" akauliza.

"Juzi. Jumanne."

"Jumanne uliniletea uji."

"Ndiyo."

"Na jana ukaleta."

"Ndiyo."

"Nikakuita ndugu yangu, ukakaa kimya."

Alienda kwenye bomba, akalifungua, akasimama anaangalia maji yakijaa dumu. Alipomaliza alilibeba ndani, akafunga mlango. Nilisikia sufuria ikiwekwa jikoni. Hakunitukana, wala mume wake aliporudi Jumamosi hakuja kunigombeza, ingawa nilikaa dukani siku nzima nikimsubiri. Nilitamani waje. Waliendelea na maisha yao hatua kumi kutoka mlango wangu kama watu waliohamia kwenye nyumba nyingine.

Lakini mtoto bado hakunywa. Hata maji yaliyochemshwa na kupozwa aliyakataa, akijua yametoka wapi, na muuguzi alikuwa amesisitiza kwamba anywe sana. Ijumaa asubuhi mama yake alisimama mlangoni pangu bila kuingia.

"Njoo unywe mbele yake," akasema. "Wewe ndiye uliyemwambia."

Nilienda. Mtoto alikuwa ameketi kwenye mkeka uani, shingo imekuwa nyembamba. Nilifungua bomba mbele yake, nikajaza kikombe, nikanywa. Nikajaza cha pili. Nilimwambia Mama Fundi alikosea, maji haya ni mabaya kwa samaki peke yao, kwa watu ni mazuri. Aliniangalia mdomo, kisha tumbo. Alinifuata dukani, akaketi kizingitini, akaacha kulitazama tangi lisilo na samaki akawa ananitazama mimi. Nilishona mikunjo ya sketi asubuhi yote nikijua ananisubiri nife. Nilipokohoa alisimama. Kila saa nilikwenda bombani nikanywa tena ili aone. Adhuhuri ilipita, nikala makande yangu, nikaendelea kushona. Kama saa kumi alasiri alinyanyuka akaenda kwa mama yake, nikamsikia akisema, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa, kwamba Mama Fundi hajafa. Halafu nikasikia maji yakimiminwa, na baada yake sauti ya kikombe kikiwekwa chini.

Sijui kama kuna jambo lililonitesa kama siku ile. Watu wengi husema mtoto haelewi. Huyu alielewa nilichomwambia neno kwa neno, akakiishi.

Kusahihisha mtaani kulinishinda. Nilisimama kwenye foleni ya genge nikasema nilikosea, nikaeleza habari ya dawa na ya kupumua. Walinisikiliza kwa adabu. Yule mwanamke aliyesema samaki thelathini alimwambia mwenzake, hakujali kama nasikia, kwamba watu wa maji wameshampa kitu kidogo anyamaze. Wengine walirudi bombani taratibu, si kwa sababu yangu bali kwa sababu korongo ni mbali. Wengine mpaka leo wanachota kule, na kila nikiwaona wanapita na madumu nainamisha kichwa kwenye cherehani. Yule binti wa ofisi ya maji alikuja kama alivyoahidi, akapima, akaweka kibao cha onyo korongoni. Baada ya mwezi kibao kilikuwa kimechukuliwa, nadhani kwa ajili ya kuni.

Tangi nililikausha. Sikuwahi kununua samaki wengine, ingawa sasa najua namna ya kuwatunza. Naweka humo mabaki ya vitambaa.

Januari iliyopita mtoto alianza darasa la awali. Nilikuwa nimejiandaa kumshonea sare bila kuombwa, nikawa nangoja tu mama yake alete kitambaa. Hakuleta. Siku ya kwanza ya shule nilimwona mtoto akipita na shati lililoshonwa kwa fundi mwingine, kola imekaa upande, ncha moja imepita nyingine kwa kidole kizima. Alinipa shikamoo kutoka barabarani kama anavyompa mtu yeyote mzima, nikaitikia marahaba. Kila asubuhi niliiona kola ile ikipita, na kila asubuhi nilijizuia nisimwite.

Mwezi wa tatu mama yake aliingia dukani. Ilikuwa mara ya kwanza kufika kwangu tangu ile Ijumaa. Alinyoosha shati juu ya meza ya kukatia.

"Naomba unitengenezee hii kola," akasema. "Inamchoma shingo."

Niliifumua uzi kwa uzi, nikaipiga pasi, nikaishona upya. Angeweza kuniachia akaenda zake. Aliketi kwenye benchi la wateja, mikono mapajani, tukazungumza bei ya ngano na habari kwamba machimbo yanapunguza watu na huenda mume wake akatafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge. Hakuna aliyetaja maji. Nilipomaliza aliigeuza kola nje na ndani, akapitisha kidole kwenye mshono kama mtu anayejua kazi, akasema imekaa vizuri. Kisha akalikunja shati, akaaga, akatoka.